Tunachopima ni Muda, Mita Zinakuja Baadaye

Hakuna chombo cha mawimbi ya mtetemo kinachopima kina. Naanza na kauli hii kwa sababu ripoti nyingi za uchunguzi wa ardhi husomwa kana kwamba mtaalamu aliteremsha futi kamba hadi kwenye mwamba, akarudi na jibu. Mchoro wa rangi unawekwa mezani: tabaka la juu mita 6, la pili mita 14, mwamba mita 20. Msomaji anaamini kwamba mita hizo zilipimwa. Hazikupimwa. Kilichopimwa ni muda, yaani mtikiso uliondoka hapa lini na ukafika pale lini. Mita zilipatikana baadaye, mtu alipokubali kasi fulani na kuanza kuzidisha.

Kazi hii naifanya na naipenda sana. Kuijua ardhi usiyoiona, bila kuichimba, kwa nyundo na waya na subira, ni jambo ambalo halijaacha kunishangaza. Lakini nimesoma ripoti nyingi mno ambamo hatua ya kutoka kwenye muda kwenda kwenye mita imefichwa, na majengo husimama juu ya hatua hiyo. Kwa hiyo nataka niifungue: muda unageukaje kuwa kina, wapi mgeuko huo ni imara, na wapi unateleza.

Mmoja wa watu wa kwanza kupima kasi ya mtikiso ardhini kwa makusudi alikuwa mhandisi wa Ireland, Robert Mallet. Oktoba 1849, katika ufukwe wa Killiney karibu na Dublin, alizika baruti mchangani, akailipua, na akiwa mbali akatazama kwa lenzi taswira iliyoakisiwa kwenye bakuli la zebaki. Zebaki ikitikisika, taswira inavurugika, naye anasoma muda. Kwenye mchanga wenye maji alipata karibu mita 250 kwa sekunde. Kwenye matale, yaani granaiti, alipata kati ya mita 400 na 500 hivi. Namba zote hizo ni ndogo mno. Mtikiso wa kwanza katika mchanga uliojaa maji husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, na katika granaiti nzima huzidi 5,000. Hesabu zake hazikuwa na tatizo. Zebaki haikuuona mtikiso hafifu uliotangulia, ikajibu ule mkubwa uliofuata. Saa ilikuwa sahihi, lakini wimbi lililosomwa lilikuwa jingine. Hadi leo, kwa vyombo vya kisasa, swali la kwanza mbele ya rekodi yoyote ni lilelile: hili lililofika ni wimbi gani?

Ukigonga ardhi, mawimbi ya aina kadhaa huondoka kwa pamoja. La haraka kuliko yote ni wimbi P, linalobana na kuachia chembe za udongo katika mwelekeo uleule linakokwenda. Kimsingi ni sauti inayosafiri ardhini. Nyuma yake linakuja wimbi S, linalotikisa chembe kwa upande, likiukata udongo badala ya kuubana. Halafu yapo mawimbi yanayotambaa karibu na uso wa ardhi, ambayo Lord Rayleigh aliyaeleza kwa hesabu mwaka 1885 na ambayo yanaitwa kwa jina lake. Kila aina ina kasi yake, na kila aina inaulizwa maswali tofauti.

Maji yanayojifanya mwamba

Njia ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi ni ya mpindo wa mawimbi. Unapanga jiofoni, yaani vyombo vidogo vinavyohisi mtikiso wa ardhi, katika mstari ulionyooka, kwa kawaida 24, kila moja ikiwa imechomekwa imara ardhini kwa mwiba wake. Unaweka bamba la chuma kwenye ncha ya mstari na kuligonga kwa nyundo nzito. Jiofoni za karibu zinapokea wimbi lililopita moja kwa moja kwenye udongo wa juu. Za mbali zinapokea kwanza wimbi lililozama, likakimbia juu ya tabaka gumu la chini, kisha likapanda tena. Njia ni ndefu zaidi lakini barabara ya chini ni ya kasi. Ukichora grafu ya umbali na muda, unaona mstari unaovunjika.

Tuseme vituo vya karibu vinatoa kasi ya mita 400 kwa sekunde, mstari unavunjika kwenye umbali wa mita 20, na baada ya hapo kasi ni mita 1,600. Kanuni inasema: chukua nusu ya umbali wa mvunjiko, zidisha kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya kasi hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yake. Tofauti ni 1,200, jumla ni 2,000, uwiano ni 0.6. Kina kinakuwa karibu mita 7.7. Hesabu imekamilika, na haina kosa.

Sasa kuna nini kwenye mita 7.7? Hapa ndipo kalamu nyingi huandika "mwamba". Lakini kasi ya P ya mita 1,600 kwa sekunde ni kasi ya mashapo, yaani mchanga na udongo uliotuama, yaliyojaa maji. Maji yenyewe hupitisha sauti kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde, na wimbi P likifika mahali ambapo vinyweleo vyote vya udongo vimejaa maji, linasafiri zaidi kwa ukaidi wa maji kuliko kwa ugumu wa udongo. Mchanga, mfinyanzi, tope, vyote vikishalowa kabisa hukaribiana. Ulichokipata kwenye mita 7.7 ni usawa wa maji ya ardhini. Ni habari nzuri kwa mtafuta maji, na ni habari hatari kwa mhandisi anayetaka kujua nguzo zake zitakanyaga wapi.

Wimbi S halidanganyiki hivyo, kwa sababu maji hayakatiki: kimiminika hakina ukakamavu wa kupinga kukatwa, kwa hiyo wimbi S halipiti ndani yake hata kidogo. Linapita kwenye mifupa ya udongo, chembe kwa chembe, na kasi yake inaeleza mifupa hiyo ina nguvu kiasi gani. Mfinyanzi laini huwa chini ya mita 150 kwa sekunde, mchanga ulioshindiliwa mita 200 hadi 400, na mwamba mgumu huvuka 1,500 na kuendelea. Ukitaka kujua ardhi itafanyaje tetemeko likija, muulize S.

Kulizalisha wimbi S ni kazi nzuri ya mikono. Unalaza ubao mzito ardhini, unaugandamiza kwa magurudumu ya gari ili usiteleze, kisha unaugonga kichwani, upande wa kushoto, halafu unaurudia upande wa kulia. Jiofoni zako zimelazwa ili zihisi mtikiso wa upande. Ukiziweka rekodi mbili moja juu ya nyingine, wimbi P linabaki kama lilivyo, lakini wimbi S linageuka: palipokuwa na kilele sasa pana bonde. Mahali mistari miwili inapoachana ndipo S alipofika. Sijui kipimo kingine cha uwandani kinachojieleza kwa uwazi namna hiyo. Na kama kuna kelele, unagonga tena na tena na kujumlisha, kwa kuwa mtikiso wako hufika vilevile kila mara lakini kelele hufika ovyo. Mapigo 16 hupunguza uzito wa kelele mara nne ukilinganisha na pigo moja.

Palipo pakavu kabisa, P peke yake anatosha. Mfano safi kuliko yote hauko duniani. Februari 5, 1971, mwanaanga Edgar Mitchell wa Apollo 14 alitembea kando ya mstari wa jiofoni tatu juu ya Mwezi akiwa na fimbo iliyobeba baruti ndogondogo mguuni, akizilipua hatua kwa hatua. Udongo wa juu ulitoa kasi ya P ya mita 104 kwa sekunde, ambayo ni ndogo kuliko kasi ya sauti hewani hapa duniani, na chini yake kasi ikaruka hadi karibu mita 299. Unene wa tabaka la juu ukakokotolewa kuwa mita 8.5. Ni grafu ileile ya mstari unaovunjika. Hapakuwa na maji ya kujifanya mwamba.

Tabaka linalojificha

Njia ya mpindo ina udhaifu mwingine ambao haurekebishiki kwa kununua chombo bora. Inadai kwamba kila tabaka liwe na kasi kuliko lililo juu yake. Mfinyanzi laini ukiwa chini ya changarawe ngumu, wimbi linaloingia kwenye mfinyanzi hupinda kwenda chini badala ya kukimbia kando ya mpaka, na hakuna kinachorudi juu kutangaza kwamba mfinyanzi upo. Grafu inatoka safi, imenyooka, ya kupendeza. Tabaka lile halipo kwenye grafu, na mwamba ulio chini yake unaonekana uko mbali zaidi kuliko ulivyo, kwa kuwa muda uliopotezwa kwenye udongo laini unahesabiwa kuwa ni umbali kwenye udongo mgumu. Kinyume chake pia hutokea: tabaka jembamba lenye kasi ya kati linaweza kuwa jembamba kiasi kwamba wimbi lake haliwahi kufika la kwanza popote, na hapo mwamba unaonekana uko karibu kuliko ukweli.

Vyote viwili ni matokeo ya jambo moja. Muda umejulikana, kasi imekisiwa, na kosa la kasi limelipwa kwa mita.

Mwakisiko, njia inayosikiliza mwangwi wa wimbi kutoka chini, nao uko hivyohivyo, ingawa una heshima kubwa zaidi. Ndio uliojenga sekta ya mafuta. Ludger Mintrop wa Ujerumani aliomba hataza ya njia ya mpindo mwaka 1919, na miaka michache baadaye vikundi vyake vilikuwa Texas wakitafuta kuba za chumvi. John Clarence Karcher na wenzake walijaribu mwakisiko Oklahoma mwaka 1921, na njia hiyo ikaja kutawala. Wimbi linashuka, linakutana na mpaka, sehemu yake inarudi. Ukiwa na muda wa kwenda na kurudi wa sekunde 0.08 na kasi ya mita 1,600, mpaka uko mita 64. Lakini kama kasi halisi ilikuwa 1,800, mpaka uko mita 72. Mita nane zimezaliwa bila rekodi kubadilika hata nukta moja. Kasi inaweza kutolewa kwenye rekodi yenyewe, kwa kuangalia mwakisiko unavyochelewa zaidi kadiri jiofoni inavyokuwa mbali na chanzo, na kwenye kina kikubwa hilo hufanya kazi vizuri sana. Kwenye makumi ya mita za kwanza ni shida, kwa sababu mawimbi ya uso, ambayo yana nguvu kuliko yote, hufika wakati uleule na kufunika kila kitu.

Kwa muda mrefu mawimbi hayo ya uso yalionekana kuwa uchafu. Wataalamu wa mwakisiko walipanga jiofoni zao kwa namna ya kuyafuta. Wengine baadaye waliuliza swali tofauti: kama sehemu kubwa ya nguvu ya nyundo, karibu theluthi mbili, inakwenda kwenye mawimbi ya Rayleigh, kwa nini tunaitupa?

Mawimbi haya yana tabia moja ya thamani. Yale mafupi husafiri kwenye ngozi ya ardhi tu. Yale marefu huzama zaidi. Kama udongo unakuwa mgumu kadiri unavyoshuka, mawimbi marefu yatakwenda kasi kuliko mafupi. Mtikiso wa hezi 30, yaani mizunguko 30 kwa sekunde, ukisafiri mita 150 kwa sekunde una urefu wa wimbi wa mita 5, na hujui chochote kuhusu kilichopo mita 20 chini. Mtikiso wa hezi 6 ukisafiri mita 300 kwa sekunde una urefu wa mita 50, na umeonja hadi mita 20 au 25 hivi. Ukichora kasi dhidi ya frikwensi unapata mkunjo, na ndani ya mkunjo huo umo mpangilio wa kasi ya S kwa kina. Toleo la njia hii linalotumia jiofoni nyingi kwa wakati mmoja lilielezwa mwaka 1999 na Choon Park, Richard Miller na Jianghai Xia wa Kansas, na limeenea kwa sababu halihitaji tabaka za chini ziwe na kasi kuliko za juu. Mfinyanzi uliojificha chini ya changarawe unaweza kuonekana.

Hata hivyo mkunjo haujiandiki wenyewe kuwa tabaka. Kompyuta inabuni ardhi, inakokotoa mkunjo ambao ardhi hiyo ingetoa, inalinganisha, inarekebisha, inarudia. Tatizo ni kwamba ardhi nyingi tofauti hutoa mkunjo mmoja. Tabaka la mita 10 lenye kasi ya 200 na tabaka la mita 11 lenye kasi ya 210 yanaweza kulingana na data kwa kiwango kilekile. Programu ikikuletea jibu moja zuri lenye rangi, limechaguliwa miongoni mwa mengi. Mimi hupendelea kuyaona yote, yamechorwa pamoja, hata kama picha inakuwa chafu. Pale mistari inapobanana pamoja, ardhi inajulikana. Pale inapotawanyika, mteja anapaswa kuuona utawanyiko huo kwa macho yake.

Kusikiliza bila kugonga

Nyundo ya mtu mmoja haifiki mbali. Kwa mstari wa mita 46 na nyundo, mita 20 au 30 za kwanza ndizo unazozijua vizuri. Kwenda chini zaidi kunahitaji mawimbi marefu, na mawimbi marefu yanahitaji chanzo kikubwa. Bahati ni kwamba chanzo hicho kipo tayari na hakinyamazi: bahari. Mawimbi ya bahari hutikisa mabara mazima usiku na mchana, kwa nguvu kubwa kwenye frikwensi ya karibu hezi 0.1 hadi 0.3, na shughuli za binadamu hujaza frikwensi za juu. Keiiti Aki alionyesha mwaka 1957 kwamba jiofoni zilizopangwa kwa duara zinaweza kutoa kasi ya mawimbi kutoka kwenye kelele hiyo, bila kujua inatoka upande gani. Naiona hesabu hiyo kuwa mojawapo ya kazi zenye uzuri wa pekee katika taaluma yetu.

Njia iliyoenea zaidi ni nyepesi kuliko hiyo. Chombo kimoja kinachohisi pande tatu kinawekwa ardhini, kinarekodi kelele kwa nusu saa au zaidi, kisha nguvu ya mtikiso wa mlalo inagawanywa kwa nguvu ya mtikiso wa wima, frikwensi kwa frikwensi. Wajapani Nogoshi na Igarashi waliitumia mwaka 1971, na Yutaka Nakamura akaipa umaarufu mwaka 1989. Palipo na mashapo laini juu ya mwamba mgumu, uwiano huo hupanda kilele kwenye frikwensi ambayo tabaka zima hupenda kutikisika. Frikwensi hiyo ni kasi ya S ikigawanywa kwa mara nne ya unene. Ni kama uzi wa zeze: uzi mrefu na uliolegea hutoa sauti nzito, mfupi na uliokaza hutoa nyembamba.

Ukimsikia mpiga zeze gizani, huwezi kusema kama uzi ni mrefu au umelegea tu. Na ardhi ni hivyo hivyo. Kilele cha hezi 2 kinaweza kuwa mita 25 za udongo wenye kasi ya 200, au mita 50 za udongo wenye kasi ya 400. Mlinganyo ni mmoja, visivyojulikana ni viwili.

Kuna njia halali ya kulitatua hili kwa eneo zima. Ukiwa na mashimo ya uchorongaji yanayokuambia unene wa kweli mahali kadhaa, unapima kelele juu ya kila shimo na kutafuta uhusiano. Ibs-von Seht na Wohlenberg walifanya hivyo katika bonde la Rhine ya Chini, Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 1999: unene kwa mita ni 96 mara frikwensi iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 1.388. Hezi 1 inatoa mita 96, hezi 2 inatoa karibu mita 37, nusu hezi inatoa karibu mita 250. Angalia kwamba frikwensi ikipungua nusu, unene unazidi mara mbili, maana udongo wa chini umebanwa na una kasi zaidi. Kazi safi kabisa. Kinachoniumiza ni kuona 96 na 1.388 vikihamishiwa kwenye bonde lenye mashapo ya asili nyingine, bila shimo hata moja la kuthibitisha, kisha ramani ya kina cha mwamba inatolewa yenye mistari ya kila mita tano. Namba hizo mbili zimebeba ndani yake kasi ya mchanga na mfinyanzi wa Rhine. Ukizitumia kwingine, umeiazima kasi hiyo pia, kimyakimya.

Kipimo cha kelele kinahitaji pia mtu awe na masikio. Injini inayozunguka jirani hutoa kilele chembamba, chenye ncha kali, kinachoonekana kwenye pande zote tatu kwa pamoja. Kilele cha ardhi ni kipana na hutokana na mlalo kuzidi wima. Upepo kwenye nyasi ndefu huharibu frikwensi za chini. Na dirisha la muda unalochambua lazima libebe angalau mizunguko kumi ya frikwensi unayoitafuta, vinginevyo unasoma kisichokuwepo. Tena, kama udongo unageuka kuwa mwamba polepole, kupitia mwamba uliooza wa makumi ya mita, kilele kinaweza kuwa hafifu au kisiwepo. Kukosekana kwa kilele hakumaanishi kuna mwamba miguuni pako.

Sekunde mbili

Septemba 19, 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Jiji la Mexico lilikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo. Kwenye chuo kikuu cha taifa, kilichojengwa juu ya lava, mtikiso mkubwa uliorekodiwa ulikuwa chini ya asilimia 4 ya mvutano wa dunia. Kwenye eneo la wizara ya mawasiliano, juu ya ziwa la kale, ulikuwa karibu asilimia 17, na ulikwenda na kurudi kwa utulivu wa kutisha, mzunguko mmoja kila sekunde mbili. Maelfu ya watu walikufa. Majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya kati, ghorofa 6 hadi 15 hivi, huku mengi mafupi zaidi na marefu zaidi yakibaki yamesimama karibu nayo.

Chini yake kulikuwa na mfinyanzi wa ziwa wenye maji mengi kiasi kwamba uzito wa maji huzidi uzito wa chembe zenyewe. Kasi ya S ndani yake ni karibu mita 75 kwa sekunde, na unene katika eneo lile ni kati ya mita 35 na 40. Mara nne ya unene ugawanye kwa kasi: sekunde mbili. Jengo la urefu wa kati likianza kuyumba na kuanza kupasuka, kipindi chake, yaani muda wa kuyumba mara moja kwenda na kurudi, hurefuka kuelekea palepale ardhi inapolingoja. Na wimbi P lingesema nini juu ya mfinyanzi huo? Mita 1,500 kwa sekunde. Mashapo yaliyojaa maji, basi.

Ninapowasikia watu wakisema kwamba wastani wa kasi ya S kwenye mita 30 za juu unatosha kuelezea ardhi yoyote, namkumbuka mfinyanzi ule, ambao hata haukuishia kwenye mita 30. Kanuni za ujenzi za Marekani na Ulaya hupanga ardhi kwa wastani huo, na nina sababu ya kuuheshimu: ni rahisi kupima na unalinganishika. Lakini chukua maeneo mawili yenye wastani uleule wa mita 250 kwa sekunde. La kwanza lina mwamba kwenye mita 30 kamili, na hutikisika kwa karibu hezi 2, yaani kipindi cha nusu sekunde, kipindi cha jengo la ghorofa tano hivi. La pili lina mashapo yanayoendelea hadi mita 300, yenye wastani wa mita 500 kwa sekunde kwa jumla, na hutikisika kwa karibu hezi 0.4, kipindi cha sekunde 2.4, ambacho ni cha mnara. Kwenye jedwali la kanuni ni ardhi ya daraja moja.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kupanga uchunguzi, sichagui njia moja. Mkunjo wa mawimbi ya uso unanipa kasi ya S ya juu. Kilele cha kelele kinanipa uwiano wa kasi na unene hadi kwenye mwamba. Nikilazimisha ardhi moja ieleze vyote viwili kwa wakati mmoja, majibu mengi yaliyokuwa yanakubalika yanakufa, na yanayobaki ni machache na yanafanana. Shimo moja la uchorongaji, likiwa na jiofoni iliyoteremshwa ndani kusikiliza ubao ukigongwa juu, linafunga mjadala kwa mahali lile na kuzipa vipimo vingine vyote pa kujishikiza. Shimo ni ghali na linaeleza nukta moja. Mawimbi ni nafuu na yanaeleza bonde. Sioni kwa nini wataalamu wa shimo na wataalamu wa mawimbi wagombane.

Na anayepokea ripoti ana haki ya kuuliza mambo machache kabla ya kulipa. Kasi iliyotumika ni ya P au ya S? Ilipimwa hapa au iliazimwa? Maji yako kina gani, na je, mpaka uliochorwa umelala sawa na usawa wa maji? Data ghafi ziko wapi? Kina cha mwisho kinachodaiwa kinalingana na urefu wa mstari uliotandazwa, au mchoro umerefushwa na programu hadi kwenye mita ambazo hakuna wimbi lililozifikia? Hilo la mwisho hutokea kuliko inavyostahili. Mchoro huwa na rangi hadi chini kabisa, na rangi ya mita 60 huonekana na uhakika uleule kama ya mita 6.

Mfinyanzi wa Mexico nao haujakaa vile ulivyopimwa. Jiji hupampu maji kutoka ardhini, na sehemu za bonde zinatitia kwa makumi ya sentimita kila mwaka. Maji yakitoka, mfinyanzi unakonda na kukaza: unene unapungua, kasi ya S inaongezeka, na kwa kuwa moja ni la juu na jingine la chini katika mgawanyo uleule, kipindi cha ardhi kinafupika kwa sababu zote mbili. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha kufupika huko. Jengo lililosanifiwa likwepe sekunde mbili linaweza kukuta ardhi imesogea kulifuata, na ndiyo maana wahandisi wa jiji lile hupima upya vipindi vya ardhi na kuzirekebisha ramani walizozitegemea.